Themostati kumi na moja kwenye sufuria moja

*Kanda ya dhahabu, gari likichemsha, dawa ya kwanza ni kung'oa themostati. Mwandishi wetu alizichukua zilizong'olewa, akazibandika jikoni.*

KOPO lilikuwa la rangi, la lita nne, limesukumwa chini ya meza ya fundi kati ya betri mbovu na rundo la plagi. Ndani yake mlikuwa na themostati zilizoshikana kwa vumbi na mafuta. Fundi mkuu wa gereji hiyo ya Ibinzamata, mjini Shinyanga, hakumbuki alianza lini kulijaza. Gari likiingia linachemsha, kazi ni ileile: spana namba kumi, nati zinafunguka, kidude kinatoka, mfuniko unarudi kwa gundi ya silikoni, maji yanajazwa, dereva anaondoka.

Mimi nilifika na shida ya upande wa pili. Corolla 110 yangu, ya mwaka 1998, injini ya 5A, haikuwa inachemsha. Ilikuwa haipati moto. Naweza kutoka Shinyanga mpaka Mwanza mshale wa joto umelala kule chini kama gari limewashwa sasa hivi. Petroli inakwenda bila maelezo, gia ya mwisho inachelewa kuingia, na sailensa inanuka petroli mbichi hata saa sita mchana.

Kijana mmoja wa gereji, aliyepitia VETA, aliwasha gari, akashika mpira wa rejeta na kuuacha mkono pale. Baada ya dakika tatu akaniambia, "Mzee, humu hamna themostati. Mpira ungekuwa baridi kwanza, halafu moto uje ghafla. Huu unapata moto polepole tangu mwanzo."

Nikamwomba fundi mkuu anitafutie nyingine. Akacheka. "Mwandishi, hicho kidude ni cha nchi za baridi. Jua lote hili la Usukumani, unataka kuipasha injini ya nini?"

Kijana aliinamisha kichwa, akaendelea kufuta spana. Alikuwa na jibu, lakini adabu ya gereji hairuhusu mwanafunzi kumbishia fundi mkuu mbele ya mteja. Nikaona hapa pana makala.

Hoja ya jua

Hoja ya fundi mkuu utaisikia Kahama, utaisikia Katoro, utaisikia Geita mjini. Magari haya yametengenezwa Japani, Japani kuna theluji, themostati iliwekwa ili injini isigande. Kwetu ni mzigo tu, na siku ikifa itakuua barabarani.

Inaingia akilini mpaka uihesabu. Moto ndani ya silinda unapita nyuzi 2,000. Maji ya injini kama yangu yametakiwa yakae nyuzi 80 na kitu. Jua la Shinyanga la Oktoba, lile linalowafanya ng'ombe wasimame chini ya mti wowote watakaoupata, ni nyuzi 32 au 33. Kutoka hapo mpaka 82 bado kuna safari ndefu, na bila themostati rejeta inaweza kuyapoza maji kuliko inavyotakiwa hata katika jua hilo, hasa gari likiwa mwendoni na upepo unapiga mbele.

Tena tuna ndugu zetu Muscat, ambako kiangazi kinapita nyuzi 45. Land Cruiser zinazouzwa kule zinakuja na themostati, kama zinazouzwa kwingine kote. Kama kuna watu wangekuwa na sababu ya kuiondoa, ni Waomani.

Nta ndani ya kikombe

Chukua themostati moja mkononi. Ni bamba la duara lenye springi, na katikati kuna kikombe kidogo cha shaba. Kikombe kimejaa nta. Nta ikifika joto lake inayeyuka, ikiyeyuka inatanuka, ikitanuka inasukuma pini, na pini inalisogeza bamba kushinda nguvu ya springi. Mlango unafunguka. Nta ikipoa, springi inaurudisha. Hakuna waya, hakuna umeme. Ubunifu huu ni wa Sergius Vernet wa Marekani, miaka ya 1930, na umebaki vilevile kwa sehemu kubwa.

Kazi yake ya kwanza wengi tunaijua: maji yakiwa baridi hayaendi kwenye rejeta, yanazunguka ndani ya injini mpaka yapate moto. Kazi ya pili ndiyo inayosahaulika. Injini nyingi za Toyota zina tundu la mchepuko, ambalo maji hupitia kurudi kwenye injini bila kwenda rejeta. Themostati ya injini hizo ina bamba la pili kwa chini, kama mguu. Mlango mkuu ukifunguka, mguu unakwenda kuliziba lile tundu.

Sasa ing'oe. Mlango mkuu uko wazi, sawa. Lakini na mchepuko uko wazi saa 24. Maji ya moto yanagawanyika: mengine yanakwenda kupozwa, mengine yanarudi kwenye injini na moto wake uleule. Kwenye tambarare ya Tinde hutaona tofauti. Beba mzigo, panda vilima vya Geita, na gari ulilolitoa themostati ili lisichemshe linachemsha. Nchi hii iliwahi kuwa na kampeni nzima ya kuwaambia watu wabaki njia kuu. Ilihusu mambo mengine, lakini maji ya injini yangefaidika nayo.

> Gari ulilolitoa themostati ili lisichemshe, linapanda mlima na mzigo, linachemsha.

Injini inayokwenda baridi nayo inaumwa, ila kimyakimya. Kompyuta ya gari inadhani ndiyo kwanza asubuhi, inazidisha petroli. Petroli ya ziada inaosha mafuta kwenye kuta za silinda. Unyevu unaotakiwa kukauka kwa joto unabaki kwenye oili, na ukifungua kifuniko cha oili unakuta kitu kama uji wa maziwa. Fundi mwenye haraka ataapa gasketi imekufa. Tangu miaka hiyohiyo ya 1930 watafiti wa Uingereza walionyesha kuwa silinda inayofanya kazi ikiwa baridi huliwa haraka, kwa sababu ya tindikali inayojikusanya ukutani mwake.

Birika la karasha

Nadhani imani ya kanda hii ina mzizi mwingine, nao hautoki gereji.

Nenda Nyarugusu au Rwamgasa, ukasimame karibu na karasha la kusaga mawe linaloendeshwa kwa dizeli. Injini yake mara nyingi ni ya Kichina, ya silinda moja, ndugu wa ile inayosaga mahindi vijijini. Nyingi kati ya hizo zina birika wazi juu ya silinda. Maji yanatokota humo mchana kutwa, mvuke unapaa, kijana anaongeza dumu, mawe yanasagika. Haina themostati. Mtu aliyekulia kando ya mashine hiyo, halafu akawa fundi magari, kwa nini aamini kwamba maji yanahitaji mlango?

Lakini hebu iangalie tena. Ile injini haifanyi kazi baridi hata kidogo. Maji yakishaanza kutokota joto lake halipandi tena, na maadamu kuna mzigo halishuki. Nyanda hizi za mita 1,100 na zaidi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kwa hiyo injini ya karasha inakaa kwenye nyuzi 96, asubuhi mpaka jioni. Kutokota ndiyo themostati yake.

Hiyo namba 96 iwekeni akiba. Itatusumbua mbele.

Mafuta ya dereva, injini ya tajiri

Ingekuwa rahisi kuwacheka mafundi, na nisingekuwa na haki. Fundi mkuu alinipa upande wake akiwa amekaa juu ya tairi, na sikuweza kuupuuza.

Themostati ikifa imefunga, alisema, huna nusu saa. Mshale unapanda, silinda hedi inapinda, gasketi inakwenda. Ikifa imefunguka, au isipokuwepo, gari linaendelea miaka. Na zinazoletwa madukani siku hizi, nyingine zinakuja zimekufa ndani ya boksi. Amewahi kufunga mpya, gari likafia njia ya Kakola na abiria ndani, na aliyelaumiwa ni yeye, si aliyeiuza.

Kisha kuna hesabu za wenye gari. Chukua Probox, zile tunazoziita michomoko. Dereva anampelekea tajiri hesabu ya siku. Mafuta ni ya dereva. Injini ni ya tajiri. Anayekuja gereji ni dereva, na anayemlipa fundi pale ni dereva. Akikaa siku moja bila kazi, hesabu inamsubiri palepale. Kwa hiyo anachokiogopa ni kulala njiani leo. Petroli inayozidi inamtoka kidogokidogo, haioni. Pistoni na ringi zinazochakaa atazilipa tajiri, huenda kwa dereva mwingine kabisa.

Kwa mtu wa namna hiyo, kung'oa ni uamuzi wenye akili. Ninachomlaumu fundi ni kumaliza kazi bila kumwambia yeyote kwamba kuna kitu hakipo. Corolla yangu niliinunua mkononi mwa mtu, na yeye huenda aliinunua hivyohivyo. Magari yetu yanaishi maisha marefu na yanabadilisha mikono. Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka 8. Tanzania inalipokea, inatoza ushuru wa uchakavu. Shimo lililoachwa na fundi wa kwanza linarithiwa na mwenye gari wa nne.

> Petroli inamtoka dereva kidogokidogo. Pistoni atalipa tajiri, huenda kwa dereva mwingine kabisa.

Tukaweka jiko

Tulikubaliana kubishana kwa vitendo. Kijana wa VETA aliokota koponi themostati 11, akazisugua kwa brashi na mafuta ya taa. Fundi wa AC jirani alituazima kipimajoto chake cha waya. Jiko la mkaa lilikuwepo. Sufuria niliiazima kwa mama ntilie wa ng'ambo ya barabara, nikimwahidi kuirudisha kabla ya wateja wa mchana.

Namna ya kupima ni hii. Unapitisha uzi kati ya bamba na kiti chake themostati ikiwa baridi, ubanwe hapo. Unaining'iniza ndani ya maji kwa uzi huo, isiguse kitako cha sufuria, maana kitako kina moto kuliko maji. Kipimajoto nacho kinaning'inia pembeni. Moto uwe wa wastani, unakoroga. Mlango ukianza kufunguka uzi unaachia, themostati inadondoka chubwi, unasoma namba palepale.

Kwa injini kama yangu, mtengenezaji anataka ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na maji yakifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Milimita 8 tulizipima kwa biti ya drili namba 8: ikipita kwenye uwazi, imefaulu. Halafu unaitoa ipoe, uone kama inafunga yote.

Ya kwanza ilidondoka kwenye 82. Ya pili 83. Fundi mkuu alikuwa amesimama mbali na mikono mfukoni. Kufikia ya nne alikuwa amechuchumaa anashika uzi mwenyewe. Moja ilichelewa mpaka 91 na ikafunguka ufa tu. Mbili maji yalitokota zimenuna, hazikusogea. Moja ilikuwa wazi tangu koponi, springi imekatika. Saba zilikuwa nzima.

Kopo moja la gereji moja si utafiti. Lakini saba kati ya 11 zilihukumiwa kwa kosa la mwingine. Gari linachemsha kwa sababu mapezi ya rejeta yamezibwa na vumbi la barabara ya machimbo, au mirija yake imejaa ukoko wa maji ya kisima, au feni haiwaki, au mfuniko wa rejeta haubani. Tangu maji ya Ziwa Victoria yaanze kuletwa kutoka Ihelele, Shinyanga mjini na Kahama tuna maji laini bombani. Machimboni dereva anajaza kilichopo kwenye dumu. Kulanti, ambayo ndiyo maji halali ya injini na ndiyo inayozuia kutu, wengi wanaijua kwa rangi yake dukani.

Na ule mfuniko tusiudharau. Springi yake inayabana maji yasitokote mapema. Mfuniko mzima wa gari dogo unayafikisha juu ya nyuzi 110 bila kutokota, hata huku kwetu. Mfuniko mbovu unayaachia kwenye 96, kama birika la karasha, na fundi anakwenda kuing'oa themostati.

Ile ya 88

Katika zile saba moja ilileta ugomvi. Ilikuwa imegongwa namba 88. Ilianza kufunguka kwenye 89, vizuri. Tukangoja. Maji yakatokota kwa nguvu, kipimajoto kikasimama kwenye 96, na biti ya drili ikagoma kupita.

"Hiyo mbovu," fundi mkuu akasema. "Maji yamechemka na haijafunguka yote."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo kijana akambishia. "Hapana fundi, samahani. Ya 88 inapimwa kwenye nyuzi 100. Hapa kwetu hatufiki 100. Ukiipima Dar utaikuta nzima."

Sufuria wazi ya Shinyanga haiwezi kuihukumu themostati ya 88. Fundi anayefuata maelekezo ya pwani neno kwa neno ataitupa iliyo nzima. Hata ile ya 82 tunaipima kwenye ncha: inatakiwa 95, na sisi tunaishia 96.

Dawa ya kijana ilikuwa kulanti. Kulanti ikichanganywa nusu kwa nusu na maji inachelewa kutokota. Akamimina chupa kabla sijafikiri. Sufuria ikageuka kijani, joto likapita 96, 98, likafika 100, na biti ikapita bila kugusa ukingo.

Fundi mkuu aliichukua ile themostati kwa koleo, akaiangalia ikifunga taratibu inavyopoa. "Hii niliitoa kwenye gari la mtu," akasema, na hakuendelea.

Namba iliyogongwa

Nilinunua mpya, na kuchagua kulinichukua muda kuliko nilivyotegemea. Namba imegongwa kwenye chuma chenyewe: 82 kwa nyingi kama yangu, 76.5 kwa baadhi ya injini za dizeli, 88 kwa nyingine. Muuzaji alinishauri nishuke mpaka 76 "ili gari lipoe zaidi". Haifanyi hivyo. Namba inasema mlango utafunguka lini. Uwezo wa kupoza ni wa rejeta, na rejeta iliyoziba haiponi kwa mlango uliowahi kufunguka.

Nenda na namba ya chasisi, na uende na ile ya zamani kama ipo. Linganisha upana, linganisha urefu, na kama ya zamani ina mguu wa kuziba mchepuko, usikubali isiyo nao hata kama inaingia. Angalia kile kipini kinachochezacheza ukingoni: kinatoa hewa, na kwa kawaida hukaa juu wakati wa kufunga. Kikombe cha nta kinatazama ndani ya injini. Mpira wake wa kuzuia uvujaji uwe mpya.

Halafu ipime kabla ya kuifunga, mpya hivyohivyo. Soko la dhahabu la Geita, la kwanza nchini, lilifunguliwa Machi 2019, na hakuna anayeuza punje pale kabla haijapimwa. Mtu huyohuyo akitoka sokoni anapita dukani, ananunua themostati kwa kuangalia picha ya boksi. Kuzifuatilia bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, lakini sufuria yako iko karibu zaidi.

Yangu ilifunguka kwenye 82, na kwenye 95 biti ya namba 8 ikapita. Fundi mkuu aliifunga kwa mkono wake, hakumwachia kijana. Dakika kumi baadaye mshale ulikuwa umepanda, ukatulia chini kidogo ya nusu, na njiani kuelekea Tinde gia ya mwisho ikaingia yenyewe.

Nilipopita tena wiki iliyofuata, zile saba zilikuwa zimepangwa kwenye waya ukutani, kila moja na kipande cha plasta chenye namba. Kopo lilikuwa bado chini ya meza. Kulikuwa na Noah imeinuliwa boneti, dereva anaangalia saa, na sikuuliza.

Mama ntilie alikuwa ananisubiri. Kulanti ni sumu, haioshwi kwenye chombo cha chakula ukaendelea kupikia, kwa hiyo sufuria yake namba 28 imebaki gereji. Nimemlipa mpya. Anasema ile ya zamani ilikuwa nzito zaidi.